Kura ya mtaa na kura ya diwani: mwongozo kwa walioko Shinyanga, Kahama na Geita

Wadau, leo tuanzie chini ya ardhi. Tarehe 5 Oktoba 2015 wachimbaji sita walifukiwa na kifusi kwenye machimbo ya Nyangalata, Kahama. Mmoja akafia humo humo. Watano waliobaki walikaa gizani siku 41, wakila mizizi na wadudu na kunywa maji ya kudondoka, mpaka walipotolewa wakiwa hai tarehe 15 Novemba. Katikati ya siku hizo, tarehe 25 Oktoba, nchi nzima ilipiga kura ya rais, wabunge na madiwani. Jamaa waliingia shimoni Kikwete akiwa rais, wakatoka wakakuta Magufuli ameshaapishwa.

Wale walikuwa na sababu ya kutopiga kura. Lakini wapo vijana wengi walioko juu ya ardhi, wanaotoka rashi moja kwenda nyingine, leo Nyarugusu, mwezi ujao Lwamgasa, baadaye Kakola, ambao na wao hawapigi. Ukiwauliza wanakwambia "kitambulisho changu kiko nyumbani" au "nilijiandikisha lakini jina halikuonekana". Wa kundi la pili hawadanganyi. Tatizo ni kwamba Tanzania ina chaguzi mbili za chini, na daftari la moja halitumiki kwenye nyingine. Tuziangalie moja moja.

CHAGUZI MBILI, MADAFTARI MAWILI

Uchaguzi wa kwanza ni ule unaoitwa wa serikali za mitaa. Jina linachanganya kwa sababu humo diwani hayumo kabisa, ingawa halmashauri anayokaa diwani nayo ni serikali za mitaa. Hapa anachaguliwa mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Ukiwa mjini, kama Manispaa ya Shinyanga au Kahama, unachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Unafanyika kila baada ya miaka mitano, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu: 1994, 1999, 2004, 2009, 2014, 2019 na 2024. Wa mwisho ulikuwa tarehe 27 Novemba 2024. Kalenda isipovurugwa, unaofuata ni 2029.

Uchaguzi wa pili ni wa diwani wa kata. Huu unakwenda pamoja na rais na mbunge siku moja, na wa mwisho ulikuwa tarehe 29 Oktoba 2025.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Wa diwani unasimamiwa na Tume ya Uchaguzi, ambayo tangu 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na unatumia Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lile la kadi. Ule wa mitaa na vijiji unasimamiwa na TAMISEMI, yaani wizara, kwa kanuni anazotoa waziri mwenyewe, na unatumia orodha ya wakazi inayoandikwa upya kila uchaguzi unapokaribia, kwa siku chache tu. Mwaka 2024 siku hizo zilikuwa kumi, kuanzia tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Hukuandikwa ndani ya siku hizo, basi, hata uwe na kadi ya Tume tano mfukoni.

Ndiyo maana watu waliumia mwaka ule. Tume ilipita mikoa yetu miwili Agosti 2024 kuboresha daftari lake. Mtu akapanga foleni, akapigwa picha, akapewa kadi, akarudi zake kwenye duara akijua kamaliza. Oktoba gari la matangazo likapita kuhimiza kujiandikisha, akasema mimi tayari. Novemba anafika kituoni, jina hakuna. Anapiga kelele ameibiwa kura, kumbe alijiandikisha kwenye daftari la uchaguzi mwingine.

NANI ANA NGUVU YA NINI

Vijana wengi wanamuona mwenyekiti wa kitongoji kama mzee wa kugonga muhuri wa barua ya utambulisho. Mhuri ni kazi yake ndogo kuliko zote.

Kwenye ukanda wa dhahabu jambo kubwa ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, ambayo ina wajumbe kati ya 15 na 25, angalau robo yao wanawake. Halmashauri hiyo hairuhusiwi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Mwekezaji akija na tai yake anataka eneo la karasha au la kuchenjulia dhahabu, mlango wa kwanza anaopaswa kubisha ni huo. Muhtasari wa kikao ndio karatasi inayotembea kwenda wilayani. Kama muhtasari umeandikwa chini ya mwembe na watu wanne, huku daftari la mahudhurio likiwa na majina ya marehemu, hapo ndipo mashamba ya watu yanapopotea. Leseni ya madini inatolewa na Tume ya Madini, siyo kijiji, lakini mwenye leseni bado anatakiwa kuelewana na wenye ardhi ya juu. Ukiwa na mwenyekiti mwenye msimamo, maelewano hayo yanakuwa na maana. Ukiwa na wa bei rahisi, yanaishia kwenye pikipiki mpya ya mwenyekiti.

Huku kwetu watu hawajaanza jana kuzoea mamlaka ya chini. Sungusungu walianzia huku, Kahama na maeneo jirani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanakijiji walipochoka na wezi wa ng'ombe, wakajipanga wenyewe bila kusubiri polisi. Serikali iliwatambua kisheria baadaye, 1989.

Na msimchanganye mwenyekiti wa kitongoji na balozi wa nyumba kumi. Balozi ni kiongozi wa chama, mfumo ulioanza enzi za TANU. Tangu vyama vingi virudi 1992 balozi si ngazi ya serikali, hata kama bado anaitwa kusuluhisha ugomvi wa majirani.

Diwani yeye anakaa juu kidogo. Anawakilisha kata kwenye baraza la halmashauri, na baraza ndilo linalopitisha bajeti, ushuru na sheria ndogo. Mkoa wa Shinyanga una halmashauri sita: Manispaa ya Shinyanga, Manispaa ya Kahama (iliyopanda hadhi 2021), Wilaya ya Shinyanga, Kishapu, Msalala na Ushetu. Mkoa wa Geita, uliozaliwa 2012 kwa kumega Mwanza, Kagera na Shinyanga, nao una sita: Geita mjini, Wilaya ya Geita, Nyang'hwale, Mbogwe, Bukombe na Chato. Kwenye manispaa madiwani wanachagua meya kati yao wenyewe. Kwenye wilaya wanachagua mwenyekiti. Wewe mwananchi humpigii meya kura, unampigia diwani, halafu yeye ndiye anakwenda kuchagua. Juu ya madiwani wa kata kuna wanawake wa viti maalum, theluthi moja ya waliochaguliwa, ambao wanatoka kwenye orodha za vyama.

Mkurugenzi wa halmashauri hachaguliwi na mtu yeyote. Anateuliwa na Rais. Mkuu wa wilaya vilevile. Kwa hiyo pale barazani kuna watu wenye kura za wananchi na kuna mtu mwenye barua ya uteuzi, na huyo mwenye barua ndiye anashika kalamu ya malipo. Kwa miaka mingi huyo huyo ndiye amekuwa pia msimamizi wa uchaguzi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilisema jambo hilo linakwenda kinyume na Katiba, kwenye kesi ya Bob Chacha Wangwe. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

HELA ZA DHAHABU ZINAPITA WAPI

Hapa ndipo pananifanya niandike makala ndefu hivi.

Kuna kitu kinaitwa ushuru wa huduma. Kwa sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982, kampuni zilitakiwa kulipa halmashauri hadi asilimia 0.3 ya mauzo. Si ya faida, ya mauzo. Lakini mikataba ya migodi mikubwa iliyosainiwa miaka ya 1990 iliweka kitu kingine: dola 200,000 kwa mwaka, basi, dhahabu ipande ishuke. Mgodi wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 uliingia kwa utaratibu huo, na Bulyanhulu pia.

Piga hesabu mwenyewe hapo ulipokaa. Chukua mgodi unaotoa wakia 500,000 kwa mwaka. Weka bei ya dola 1,200 kwa wakia. Mauzo ni dola milioni 600. Asilimia 0.3 yake ni dola milioni 1.8. Linganisha na laki mbili. Tofauti hiyo kwa mwaka mmoja tu ni madarasa mangapi, visima vingapi?

Madiwani waliulalamikia utaratibu huo miaka mingi. Katikati ya miaka ya 2010 ndipo kampuni zikaanza kulipa kwa asilimia. Yakabaki malimbikizo. Mwaka 2018 madiwani wa Geita, mji na wilaya, walifanya kitu ambacho hukioni kila siku: walikwenda kufunga njia za kuingia mgodini wakidai fedha za miaka ya nyuma. Polisi wakatumia mabomu ya machozi kuwatawanya. Waheshimiwa na suti zao wakala moshi kama machinga. Mtu anaweza kusema walikosea njia, lakini angalau siku ile wananchi waliona diwani anadai kitu.

Mwaka 2017 sheria ya madini ilirekebishwa. Tangu hapo kampuni yenye leseni inatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri husika. Zamani mgodi ulikuwa unajichagulia: unajenga kituo unachotaka, unapaka rangi zako, unapiga picha. Sasa mpango unapitia halmashauri. Baraza likiwa macho, unapata zahanati yenye vifaa. Baraza likisinzia, unapata jengo lenye popo.

Tena usidhani ushuru ni wa makampuni tu. Machi 2019 soko la kwanza la madini nchini lilifunguliwa Geita, na mengine yakafuata. Dhahabu ya mchimbaji mdogo ikiuzwa pale, makato yanafanyika pale pale, na humo mlikuwa na ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 unaokwenda halmashauri. Kwa hiyo kijana aliyetoka Maswa au Tarime na mifuko yake miwili ya mawe, akachenjua mwaloni, akauza gramu zake sokoni, dhahabu yake imeshachangia bajeti ya halmashauri ya Geita. Na jina lake halipo kwenye orodha ya wakazi wa kitongoji chochote cha Geita. Makato yamemfikia, kura haijamfikia.

Halafu hela hiyo hiyo inamrudia kijana, au ingetakiwa kumrudia. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na mikopo isiyorejeshwa, ukaanza tena 2024. Halmashauri yenye mgodi ina mfuko mnene kuliko ya pamba na mtama, kwa hiyo asilimia 10 yake nayo ni nene. Kikundi chenu kinaanzia safari kwa mtendaji na kata. Ukiwa hujulikani kwenye mtaa, barua ya kwanza tu inakushinda.

NI MKAZI AU MPITA NJIA?

Kanuni inasema mpiga kura wa mtaa au kitongoji awe raia, awe na miaka 18 au zaidi, awe na akili timamu na awe mkazi wa pale. Mgombea awe na miaka 21 na adhaminiwe na chama. Mgombea binafsi hakuna. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilisema mwaka 2013 kwamba katazo hilo linavunja haki, lakini chaguzi zimeendelea bila mgombea binafsi.

Neno gumu ni "mkazi". Kwenye rashi watu wanakuja elfu, wanajenga vibanda vya maturubai, mama lishe wanafungua, baada ya miezi sita dhahabu ikikata kila mtu anafungasha. Wenyeji wana hofu ya kweli: wageni wa miezi mitatu wakiandikishwa wote wanaweza kuchagua mwenyekiti, halafu wakaondoka, wakawaachia wenyeji mwenyekiti wao na mashimo yao. Mchimbaji naye ana hoja yake: wengine wamekaa Katoro miaka nane, watoto wanasoma pale, na bado wanaitwa wageni. Mimi naona aliyepanga chumba na kumaliza mwaka ni mkazi, na mwandikishaji hana sababu ya kumuuliza kabila. Wa turubai la wiki mbili akaandikwe alikotoka. Kwenye Daftari la Kudumu unaweza kuhamisha taarifa zako ukihama, kwa hiyo hapo hakuna kisingizio.

KURA ZIKIPIGWA INAKUWAJE

Tusidanganyane kwamba tatizo lote ni la mwananchi asiyejiandikisha. Mwaka 2014, tarehe 14 Desemba, upinzani ulipata takribani kijiji kimoja kati ya vitano. Mwaka 2019 wagombea wa upinzani walienguliwa kwa wingi, wengi kwa kinachoitwa makosa ya kujaza fomu, na vyama vikalalamika kwamba ofisi za watendaji zilifungwa siku za kurudisha fomu. CHADEMA, ACT-Wazalendo na wengine wakajitoa. CCM ikachukua zaidi ya asilimia 99. Mwaka 2024 upinzani ulishiriki, malalamiko ya kuenguliwa yakawepo tena, na CCM ikatangazwa kuchukua kama asilimia 99 ya vijiji. Kwenye ule wa Oktoba 2025 CHADEMA haikuwemo kabisa baada ya kuzuiwa kwa kutosaini kanuni za maadili, na siku ya kura intaneti ilizimwa. Nyie wa kwenye kafe mnakumbuka mlivyokaa mnaangalia skrini tupu.

Halafu kumbuka kanda hii si ya kupigia mstari mmoja. Bariadi, ilipokuwa bado mkoa wa Shinyanga, ilimpa kura John Cheyo wa UDP. Mwaka 2010 CHADEMA ilichukua majimbo yote mawili ya Maswa, pamoja na Meatu na Bukombe, yote yakiwa Shinyanga wakati huo. Na Shinyanga Mjini, mwaka huo huo, Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi wa ubunge kwa tofauti ya kura moja. Moja! Kila aliyelala nyumbani siku ile alikuwa na la kujiuliza.

Kuna wanaouliza kwa nini uchaguzi wa mitaa usisimamiwe na Tume badala ya wizara. Wenzetu wa India walishalitatua kwa namna yao: marekebisho ya Katiba yao yaliyoanza kazi 1993 yalitaka kila jimbo liwe na tume yake maalum ya uchaguzi wa vijiji na miji, tofauti na serikali ya jimbo na tofauti na tume ya taifa. Wakaweka pia theluthi moja ya viti kwa wanawake, lakini wanawake hao wanagombea kwenye kata, wanapigiwa kura na watu, hawatoki kwenye orodha ya chama. Si kwamba kwao hakuna rafu, zipo tena nyingi. Ila waziri hachezi mechi huku ameshika filimbi. Kenya nao wawakilishi wa wadi wanasimamiwa na tume ile ile ya uchaguzi wa rais. Hapa kwetu sheria mpya ya 2024 iliondoa jambo moja lililokera: mgombea ubunge au udiwani aliyebaki peke yake hapiti tena bila kupingwa, anapigiwa kura ya ndiyo au hapana.

MPAKA 2029 UNAFANYA NINI

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wake. Uchama hauulizwi. Mkutano huo ndio unaosomewa mapato na matumizi, ndio unaokubali au kukataa ugawaji wa ardhi, na kisheria una uwezo wa kumuondoa mjumbe yeyote wa halmashauri ya kijiji au kuwaondoa wote kabla miaka mitano haijaisha. Mjini nako mtaa una mikutano yake ya wakazi. Vikao vya baraza la madiwani navyo viko wazi kwa wananchi, unakwenda, unakaa nyuma, unasikiliza diwani wako anaongea au anachezea simu.

Kwa hiyo wiki hii nenda kwa mtendaji, muulize maswali mawili: mkutano wa mwisho ulikaa lini, na taarifa ya mapato ya robo mwaka imebandikwa wapi. Akikwambia mbao za matangazo zimeliwa na mchwa, rudi na rafiki zako watatu.